Bibi Muuguzi anajibu: Nyumba za kulaza wazazi wa watoto wagonjwa ni za wauza baga?

SWALI: Shikamoo Bibi. Kikundi chetu cha VICOBA hapa Mikindani kimeachiwa nyumba ya vyumba vinne na mwenzetu aliyehamia kwa mwanawe Dodoma. Ipo si mbali na Hospitali ya Kanda pale Mitengo. Wengi wetu tunataka tuwapokee akina mama wanaouguza watoto kutoka Newala, Tandahimba na Nanyumbu. Lakini mzee mmoja katupinga kikaoni. Anasema hayo ni mambo ya kampuni za Wazungu, kwamba Marekani yalianzishwa na wauza baga ili wajitangaze, sisi wauza samaki tutayaweza wapi. Ni kweli? Na mfadhili akitaka jina lake liandikwe mlangoni, tumkubalie?
Mwanakikundi, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mzee msimgombeze, kasikia nusu tu ya habari. Wauza baga wamo, ila ndio walioingia mwisho.

Habari yenyewe ni ya mji wa Philadelphia. Binti wa miaka mitatu, Kim Hill, aligundulika ana saratani ya damu. Baba yake, Fred Hill, alikuwa mchezaji wa Eagles, timu ya ule mpira wao wa kushika mikononi na kugongana mabega. Tiba ya Kim ilichukua miaka mitatu. Fred na mkewe Fran wakawa watu wa kulala kwenye viti na mabenchi ya hospitali, wanakula vya kwenye mashine za kuuza vitafunwa. Wakitupa jicho pembeni wanawaona wazazi wengine wametoka mbali, hoteli hawaimudu, nao wamejikunja vilevile.

Hill akawaeleza wenzake, timu ikaanza kuchangisha. Tajiri wa timu, Leonard Tose, alimkabidhi kazi hiyo meneja wake mkuu, Jimmy Murray. Murray akaelekezwa kwa Dk. Audrey Evans, bingwa wa saratani za watoto katika Hospitali ya Watoto ya Philadelphia. Huyu mama alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa York, na si daktari wa hivihivi: mwaka 1971 ndiye aliyetoa mpangilio wa hatua za neuroblastoma, saratani inayoanzia kwenye chembe changa za neva, na madaktari wakaufuata miaka mingi. Mtu wa hadhi hiyo akiulizwa unataka nini, ungetegemea aombe mashine. Yeye akasema anahitaji nyumba karibu na hospitali, wazazi wapate pa kulala.

Mimi nimefanya kazi wodi ya watoto huku Kusini mpaka nikastaafu, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Tiba ya saratani si ya kulazwa mwezi mzima kisha kwaheri. Mtoto anapewa dripu leo, anapumzishwa siku kadhaa au wiki mbili tatu, anarudi kwa dripu nyingine, na mzunguko huo unakwenda miezi. Katikati hapo hana sababu ya kushika kitanda, na kitanda kinasubiriwa na mwingine. Basi anaruhusiwa. Aende wapi? Kama kwao ni jirani na hospitali, anapanda bajaji. Kama kwao ni Newala na matibabu yako Hospitali ya Muhimbili, kutoka Mtwara mjini tu hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500. Mama anapiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, anamtazama mtoto, anaona ameanza kucheza, uvimbe umenywea. Anasema tumepona. Harudi. Ugonjwa unarudi wenyewe.

Na lipo la pili ambalo watu hawalijui. Baada ya dripu chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, hushuka. Mtoto akipata homa siku hizo, hiyo si homa ya kumeza panadol na kusubiri asubuhi. Anatakiwa hospitali saa hiyohiyo achomwe antibayotiki. Kwa hiyo nyumba ya jirani ni sehemu ya tiba, mwanangu, na mwambieni mzee wenu hivyo kabla hamjamtajia sadaka.

Turudi kwa wauza baga. Fedha za kununua nyumba hazikutosha. Murray akabisha hodi McDonald's kupitia watu wa matangazo yao, na meneja wao wa eneo lile, Ed Rensi, akakubali kutoa mapato ya kinywaji kimoja: maziwa ya barafu ya rangi ya kijani wanayouza kila Machi, wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Naye akaomba nyumba ibebe jina la Ronald McDonald, yule chale wao wa matangazo. Tarehe 15 Oktoba 1974 ikafunguliwa, nyumba ya kawaida ya vyumba saba. Saba! Nyie mna vinne.

Yaliyofuata ni marefu, nayapita haraka. Mwaka 1981 ikafunguliwa Toronto, nje ya Marekani. Mwaka 1984 alifariki Ray Kroc, aliyeikuza ile kampuni, na kwa kumkumbuka likaundwa shirika rasmi la kuzisimamia nyumba hizo. Mwaka 1985 zikafika Ulaya, kwa kuanzia na Amsterdam. Leo zimezidi 350 duniani, na sehemu kubwa ya fedha inatoka kwa watu wengine, wakiwemo wanaodondosha chenji kwenye vikopo vya kaunta. Kim alipona ile saratani ya damu akawa mtu mzima, akafariki mwaka 2011. Dk. Evans alifariki 2022 akiwa na miaka 97.

Kwa hiyo kampuni ilijitangaza? Ilijitangaza, tena kwa bei nafuu sana. Inaniuma kidogo kwamba dunia nzima inamjua chale na wachache wanamjua daktari. Ila mama aliyelala kitandani usiku ule hakuulizwa anakula baga au hali. Na hapa kwetu si jambo geni: Dar ipo Ujasiri House, hosteli ya shirika la Tumaini la Maisha, wanakaa watoto wanaotibiwa saratani Muhimbili pamoja na walezi wao. Baga haimo.

Sasa nyumba yenu. Wanapokosea wengi ni kwenye jiko. Watu wakisikia nyumba ya wageni wanawaza magodoro na mapazia. Nimewaona akina mama wakitandika khanga chini ya kitanda cha mtoto, hilo wanalivumilia. Kilichowamaliza ni chakula. Mama mmoja alikuja na kikapu cha ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku Kusini, kutoka kwao, mtoto hataki uji wa wodi, anataka ming'oko. Akainjika mafiga matatu nyuma ya jengo la kufulia. Mlinzi akaja, akamwaga maji juu ya moto, sufuria ikabaki na ming'oko mibichi nusu. Yule mama hakulia, aliiokota mmojammoja akaifuta kwa upindo wa khanga. Jikoni ndiko wazazi wanakoulizana: "Wako anatapika?" "Wangu naye alitapika, mpe ndimu alambe." Wekeni jiko kubwa, mafiga ya kutosha watu wanne wapike kwa pamoja, na kabati lenye kufuli kwa kila chumba, maana sukari huleta ugomvi.

Maji na sabuni mlangoni, vyandarua vizima, na anayekohoa asilale chumba kimoja na mtoto wa saratani. Mgeni achangie kidogo akiweza, asiyeweza asifukuzwe; hata zile nyumba za Marekani ndivyo zinavyokwenda. Na akina baba msiwasahau. Msimu wa korosho mtawaona wachache, wamebaki kuokota, maana mauzo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ndiyo nauli yenyewe. Lakini mnada ukipita watakuja kuwaona wanao, watataka pa kulala, na nyie mtakuwa mmeandika "akina mama tu" ukutani. Tengeni chumba chao mapema.

Kuhusu jina la mfadhili: mkubalieni, kwa maandishi, na ukubwa wa kibao msemeane kabla. Asiweke picha za watoto wenye vipara kwenye kalenda yake ya biashara. Hilo likatalieni hata akileta mabati ya nyumba nzima. Na akitaka kuchagua nani alale na nani asilale, mrudishieni fedha zake.

Kabla hamjanunua godoro hata moja, nendeni hospitalini mkamuone afisa ustawi wa jamii. Yeye ndiye anayejua nani katoka mbali, nani hana ndugu mjini, na ndiye atakayewaandikia wageni barua ya kuja kwenu. Mkianza bila yeye, mwezi wa kwanza tu nyumba itajaa binamu zenu waliokuja mjini kutafuta kazi.