Maswali na Majibu: Heroe na Ardhioevu ya Ziwa Natron

Swali: Ziwa Natron lina magadi makali yanayochubua ngozi. Kwa nini heroe, yaani ndege aina ya flamingo, hulichagua kuwa mahali pa kutagia?

Jibu: Hulichagua kwa sababu ya ukali huohuo. Ziwa hili la kaskazini mwa Tanzania, jirani na mlima Oldoinyo Lengai, halina mto unaotoka, hivyo maji yake hupungua kwa kukaushwa na jua tu, huku magadi na chumvi zikibaki na kurundikana. Fisi au bweha anayetamani mayai hana budi kupita kwenye tope la moto linalochoma nyayo. Huko ndani heroe mdogo (hili ni jina la aina ya heroe, si kinda) hufinyanga kichuguu cha tope na kutaga yai moja tu, ambalo wazazi wote wawili huliatamia kwa zamu kwa takriban siku 28. Ngozi ngumu ya miguu huwakinga, na maji ya kunywa huyapata kwenye chemchemi za kandokando. Katika Afrika Mashariki nzima hakuna mahali pengine ambapo ndege hawa huzaliana kwa kawaida. Makundi yanayowavutia watalii Nakuru, Bogoria na Manyara asili yake ni Natron, jambo ambalo waongoza watalii wangefaa kulitaja mara nyingi zaidi.

Swali: Rangi yao ya waridi hutoka wapi?

Jibu: Hutoka kwenye chakula, yaani vijimea vya majini visivyoonekana kwa macho. Vifaranga huanguliwa wakiwa na rangi ya kijivu.

Swali: Je, ni kweli kwamba mnyama akigusa maji hayo hugeuka jiwe?

Jibu: Si kweli. Picha zilizosambaa mwaka 2013 zilionyesha mizoga iliyokaushwa na magadi, ambayo mpigapicha aliiokota ufukweni na kuiweka katika mikao ya viumbe hai. Penye chemchemi huishi hata samaki wa jamii ya perege.

Swali: Natron imo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu. Je, ni marufuku kuitumia?

Jibu: Hapana. Mkataba huo, uliotiwa saini nchini Iran mwaka 1971, unataka ardhioevu itumike kwa busara, wala haudai ifungwe. Ndiyo maana Wamaasai wanaendelea kuchunga mifugo yao katika eneo hilo lililoorodheshwa mwaka 2001. Mradi wa kiwanda cha magadi uliopingwa vikali, na ambao mwekezaji wake alijiondoa mwaka 2008, ulikuwa suala jingine kabisa. Kwa maoni yangu, hata hivyo, jambo la kuangaliwa zaidi ni kina cha maji, kwa kuwa yakizidi hufurika viotani, na yakipungua mno tope hukauka na kuwafungulia fisi njia. Sehemu ya maji hayo huletwa na mto Ewaso Ng'iro wa Kusini kutoka Kenya, ambako askari wa wanyamapori wa Tanzania hawana mamlaka, lakini mkataba huohuo unazitaka nchi zinazochangia maji zishauriane.