Amonaiti anavyotaja rika la mwamba
Kaka umeuliza hilo konokono la jiwe linajuaje umri wa mwamba. Kwanza hilo ni amonaiti, mnyama wa baharini wa kale aliyetoweka, sio konokono, ni ndugu wa pweza na ngisi, na alikuwa anabadilika umbo chapchap halafu anasambaa bahari nyingi, kwa hiyo ukikuta aina ileile Uingereza na Ujerumani ujue matabaka hayo ni rika moja. Oppel, mwanajiolojia Mjerumani, aliigawa Jurasiki (enzi ya dinosaria) hivyo miaka ya 1850, na zoni moja, yaani kipande cha muda kinachotambulika kwa aina fulani ya amonaiti, mara nyingi haifiki hata miaka milioni 1, we acha tu! Ila amonaiti anakupa mpangilio tu wa kipi kilitangulia, hesabu ya miaka inatoka kwenye majivu ya volkano. Huku kwetu Mbeya usihangaike kuchimbua, makaa ya mawe ya Kiwira ni ya zamani zaidi, ya mimea ya mabwawani sio baharini, labda ushuke Tendaguru kule Lindi, kwenye miamba ya Jurasiki.