Siku moja Jerez de la Frontera, Hispania, kutoka Sevilla: inatosha?

Inatosha ndugu, ukipanda treni ya asubuhi. Safari ni kama saa moja na ushee. Anza na Alcázar, ngome ya kale, kabla jua halijawa kali: ndani mna msikiti mdogo wa enzi za Almohadi, watawala Waislamu wa zamani, na mihrabu yake bado ipo. Kanisa kuu liko jirani, nusu saa yatosha. Ghala la mvinyo weka nafasi mapema, maana ziara hupangwa kwa lugha na saa. Ukichelewa, kundi limeshaondoka. Omba uoneshwe utando wa hamira, flor, unaokinga fino, mvinyo mweupe mkavu wa hapa, isipate hewa. Ili utando huo upate nafasi juu ya mvinyo, pipa halijazwi pomoni: huachwa tupu takriban sehemu moja ya sita. Fino ina kilevi cha asilimia 15 hivi, kula kwanza. Alasiri maduka mengi hufungwa.