Kitenzi "cleave": ushauri kwa wanaoanza kufasiri

Wengi wanaoanza kazi ya kufasiri kutoka Kiingereza huyaogopa maneno marefu, ilhali maneno marefu kwa kawaida yana maana moja na kamusi haitawanyima. Yanayopotosha ni mafupi ya aina ya "cleave", kitenzi ambacho mtu anaweza kuishi na Waingereza miaka mingi bila kukisikia sokoni wala garini, lakini akakutana nacho mara tu afunguapo Biblia, kitabu cha baiolojia au makala ya madini. Kina maana mbili zinazopingana: kupasua na kuambatana.

Chanzo chake si fumbo. Katika Kiingereza cha Kale vilikuwa vitenzi viwili mbalimbali, "clēofan" wa kupasua na "clifian" wa kunata, na kadiri matamshi yalivyobadilika vikaishia katika umbo moja. Sisi hatujazoea jambo hilo, kwa sababu Kiswahili hugeuza maana kwa kubadilisha kiishio cha kitenzi: kilichoganda huganduliwa, kilichozibwa huzibuliwa, na msikilizaji hahitaji kubahatisha. Kwa hiyo mfasiri mgeni huchukua maana ya kwanza anayoikuta katika kamusi, ambayo mara nyingi ni ya kupasua, akaendelea na kazi.

Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kufungua kamusi mtazame neno linalofuata kitenzi hicho. Kikifuatwa mara moja na "to", au "unto" katika maandiko ya kale, maana yake ni kuambatana, kunata au kushikamana. Kikifuatwa na kitu kinachotendwa, yaani kuni, jiwe au fuvu, maana yake ni kupasua. Nimesema "mara moja" kwa makusudi, kwa kuwa mwandishi anaweza kueleza upanga uliompasua adui kichwa hadi kidevuni, na hapo "to" itakuwapo, ila itakuja baada ya kichwa na itaonyesha tu pigo lilifika wapi.

Mfano ulio bora kuliko yote uko katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, ambayo hutumia umbo moja la wakati uliopita, "clave", kwa maana zote mbili. Katika Mwanzo 22:3 Abrahamu "clave the wood", na Biblia yetu ya Union Version inasema alichanja kuni. Katika Ruthu 1:14 Ruthu "clave unto her", na yetu inasema aliambatana naye. Umbo la kitenzi halikubadilika hata kwa herufi moja, na kazi yote ya kutofautisha imefanywa na "unto". Angalieni pia kwamba wafasiri hao hawakuridhika na "pasua" kila mahali: kuni huchanjwa, na mswahili yeyote angeshangaa kusikia vinginevyo kwa sababu tu kamusi imesema hivyo. Vivyo hivyo, mtu anayeng'ang'ania itikadi au mila katika makala ya siasa ya leo huishikilia. "Kuambatana" siku hizi kumeelekea mno kwenye maana ya kufuatana na mtu safarini.

Maumbo ya wakati uliopita ni mengi na hayabadilishani nafasi ovyo. Kwato za ng'ombe na mbuzi ni "cloven", bali kaakaa lililopasuka tangu kuzaliwa ni "cleft". Kuna pia msemo wa Waingereza wa mtu kuwa ndani ya "cleft stick", ambao hauhusu kijiti chochote. Mtu huyo yuko njia panda, basi. Kwa maana ya kuambatana, waandishi wa sasa hutumia "cleaved" peke yake.

Katika sayansi maana ya kunata haipo kabisa, lakini msijisahau kwa sababu hiyo. Kimeng'enya kiitwacho EcoRI hutambua mfuatano wa GAATTC katika DNA na kuukata kati ya G na A. Hapo "kata" inatosha na "pasua" ingekuwa ya kikatili bila sababu. Zaigoti nayo, yaani yai lililorutubishwa, katika hatua zake za mwanzo hugawanyika kuwa seli mbili, nne na kuendelea bila kiinitete chote kuongezeka ukubwa. Mfasiri atakayeandika kwamba zaigoti inapasuka atamfanya mwanafunzi aone puto lililotobolewa.

Penye madini ndipo "pasua" inapopata haki yake. Madini ya ulanga huachana tabaka kwa tabaka, na almasi nayo ina pande ambazo muungano wa atomi zake ni dhaifu zaidi, kiasi kwamba pigo moja lililoelekezwa vyema huitenganisha kwa uso laini. Almasi ya Cullinan, iliyopatikana Afrika Kusini mwaka 1905 ikiwa na karati 3,106, ilipasuliwa mjini Amsterdam mwaka 1908 na Joseph Asscher kwa njia hiyo: alichonga mfuo, akaweka bamba la chuma ndani yake, kisha akaligonga. Kwa kuwa kwa Kiswahili tumezoea kuita kila kazi ya sonara "kukata almasi", pamoja na kuisaga na kuing'arisha, mfasiri wa habari kama hiyo atenge "kupasua" kwa pigo hilo la kwanza tu, na kwa kazi zinazofuata aache "kukata" iendelee kutumika kama ilivyozoeleka.