Mzee kapata mshtuko wa moyo, hiyo sindano ya protini tumchome?

Pole sana mkuu kwa mzee. Umeuliza kama mlipe hiyo kliniki ya nje inayodai sindano ya protini itaotesha upya moyo uliokosa oksijeni. Mimi nasema msilipe kwanza.

Sayansi yenyewe ipo kweli. Kuna protini inaitwa agrini, inakaa kwenye ule utando unaoshikilia seli, 2017 watafiti wa Israeli waliichoma kwenye mioyo ya panya ikapona vizuri, baadaye wakajaribu kwa nguruwe. Na Marekani wametengeneza jeli ya msuli wa moyo wa nguruwe, seli zinaoshwa zote inabaki ile nyavu ya protini tu, wakaipitisha kwa mrija hadi moyoni kwa wagonjwa 15, ila hapo walikuwa wanapima usalama zaidi, sio kwamba moyo umeota upya. Anayekuuzia leo kama tiba ya uhakika anakudanganya.

Hela hiyo weka kwenye kliniki zake za kawaida hospitalini na vidonge vyake. Mama yangu aliacha dawa za moyo wiki mbili tu eti anajisikia poa, miguu ikavimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo, tukarudi wodini usiku. Muulizeni daktari wa moyo kuhusu eko, yaani kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, mjue moyo unasukuma kiasi gani.