Shule ya umma au ya binafsi? Anza na madaftari

Dada, umeuliza kama mwanao anayeanza darasa la kwanza umpeleke shule ya umma iliyo jirani au ile ya binafsi inayosifika kwa matokeo. Hayo matokeo yasikutie kiwewe. Shule inayochuja watoto kwa mtihani wa kuingia, kisha ikawaondoa wanaosuasua, lazima ing'are. Hapo hujajua bado mwalimu anamwongezea mtoto nini.

Nenda zote mbili siku ya masomo, si siku ya sherehe. Omba kuona madaftari ya watoto watatu wanne wa kati, si ya vinara. Mwalimu amesahihisha kweli, au kapiga vema ukurasa mzima na makosa yamo? Mimi madaftari ndiyo yaliyoniamulia. Ile ya binafsi, uliza walimu wangapi wameondoka mwaka huu. Nyingine hubadilisha walimu kama nguo. Ya umma, hesabu watoto darasani, maana mtoto mpole hupotea kirahisi kwenye msongamano.

Ada jumlisha na usafiri, sare na michango, upige hesabu ya miaka yote ya msingi, si muhula mmoja. Ukibanwa katikati ukamhamisha, ataacha marafiki na walimu aliowazoea.