Spreyi ya pilipili iliyopita tarehe
Unauliza kama spreyi yako ya pilipili ya 2019, iliyopita tarehe, bado inafaa kujilinda nayo. Hapana, usiitegemee. Pilipili yenyewe haiharibiki upesi. Kinachopungua ni gesi ya kusukuma, huvuja kidogo kidogo kwenye vali, na siku ukibonyeza unapata matone yanayokudondokea vidoleni badala ya kuruka mita 3. Makopo mengi hupewa miaka 2 hadi 4, angalia tarehe kitakoni. Ukinunua mpya, ijaribu nje, upepo ukiwa mgongoni: nusu sekunde tu, kisha futa tundu kwa tishu. Usiiache kwenye dashibodi, joto likizidi nyuzi 49 za Selsiasi kopo linaweza kupasuka. Uingereza lakini usiingie nayo kabisa, Sheria ya Silaha ya 1968 inaihesabu silaha iliyopigwa marufuku.